Usinisimulie Hadithi, Niambie Nakala Ikoje

Ukitaka kuiona Who Killed Captain Alex? kama ilivyotoka mikononi mwa Nabwana I.G.G. mwaka 2010, umechelewa. Faili zake zilifutwa. Kompyuta ya pale Wakaliga, kitongoji cha Kampala, ilikuwa imeungwaungwa kwa vipuri vya kuokoteza, nafasi haikutosha kazi mbili, na kazi mpya ilikuwa inasubiri. Filamu iliyokwisha kuuzwa ikapisha inayokuja. Kilichosalia ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, anayepiga kelele juu ya picha mwanzo hadi mwisho, akitania, akitangaza, akiwasifu wapiganaji. Hilo ndilo lililowekwa kwenye Blu-ray huko Marekani mwaka 2019, likiwa pamoja na mwenzake, Bad Black, ndani ya kava moja lenye jina Wakaliwood Supa Action.

Mwandishi wa burudani akipewa diski hiyo aiandikie, atafanya nini? Najua wengi wetu tutafanya nini, maana ndivyo tulivyolelewa na kurasa zetu: tutasimulia. Kuna kikosi cha makomando, kuna genge la Tiger Mafia na bosi wao Richard, Kapteni Alex anauawa, ndugu yake mpiga kung fu anakuja kulipiza kisasi, na picha inaisha bila muuaji kutajwa. Nafasi imekwisha, mhariri ameridhika, msomaji bado hajui kama anunue au aache. Hadithi hiyohiyo ipo bure YouTube tangu 2015. Aliyetoa pesa yake dukani hakununua hadithi, amenunua nakala, na juu ya nakala hatukumwambia lolote.

Kuhakiki filamu ni kazi moja, kuhakiki toleo la kutazamia nyumbani ni nyingine, hata kama zinafanywa na mtu mmoja kwa jioni moja. Filamu ikishatoka haibadiliki. Toleo ndilo linalobadilika: picha imechukuliwa wapi, nani kaisafisha na kwa mkono mzito kiasi gani, sauti ni ile ya awali au imepakwa rangi, tafsiri ya maandishi imefanywa na mtu au imetupiwa mashine, na wenye diski wameweka nini cha ziada ili ujue ulichokiona. Filamu nzuri inaweza kutolewa vibaya hadi ukaichukia. Filamu ya ovyo inaweza kutolewa kwa heshima hadi ukaielewa.

Kwa vipimo vya kawaida, picha ya Captain Alex ni mbovu. Watu wakikimbia, kingo za miili zinavunjika kuwa vimraba. Helikopta inayoshambulia jiji ni ya kompyuta na wala haijaribu kujificha. Bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu. Mhakiki akiipa nyota mbili kwa ubora wa picha, atakuwa ameuhakiki umaskini wa kompyuta ya Wakaliga, na kazi ya waliotoa diski hajaigusa. Swali la haki ni kama walichukua chanzo bora kilichokuwepo, na kama walimwacha VJ mahali pake badala ya kumsukumia pembeni kama kichekesho. Hapo toleo lile linapata alama za juu. Hawakuipaka poda.

Na huyo VJ anastahili tukae naye kidogo. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa King Kong kwenye diski kubwa ya leza. Diski ilikuwa na njia ya pili ya sauti isiyokuwa na kazi, wakamweka humo mtaalamu wa historia ya filamu, Ronald Haver, azungumze huku picha ikienda. Huo ndio unaohesabiwa mwanzo wa maoni ya sauti, ile nyongeza ambayo wapenzi wa diski duniani kote huiulizia kabla hawajafungua pochi. Afrika Mashariki watu walikuwa wakizungumza juu ya picha zamani. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri kule Usambara, ulitengeneza filamu 35 zisizo na sauti, na maelezo yake yakarekodiwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Yalikuwa mahubiri ya kilimo na afya, na sidhani kama kuna aliyecheka. Lakini utaratibu ni uleule: picha moja, na sauti ya pembeni inayokwambia uitazameje.

Vibanda umiza vya Dar es Salaam na Kampala havikuhitaji mradi wa mtu. Uganda ikapata kina VJ Jingo, Kenya ikapata DJ Afro na "steringi" wake, na Dar ikampata Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, aliyezitafsiri picha za Kihindi, za Kichina, za Kinigeria na za Hollywood kwa kuzungumza juu yake, akiigiza sauti za wote, akiongeza maelezo ambayo mwenye filamu hakuyafikiria. Hata Titanic ilipita mikononi mwake. Hizi ndizo "zilizotafsiriwa", na kwa maelfu ya watu ndizo filamu zenyewe. Ya Kiingereza ilikuwa nusu ya kitu. Haver alizungumza na mtu aliyekwisha kuiona King Kong anayetaka kujua zaidi. Lufufu alizungumza na mtu anayeiona Titanic kwa mara ya kwanza, pengine ya mwisho, asiyejua Kiingereza. Ukinilazimisha kuchagua kazi ngumu kati ya hizo mbili, sitafikiri sana. Kwa bahati mbaya Titanic ya Lufufu haiwezi kutoka kihalali bila ruhusa ya wenye Titanic yao, kwa hiyo itaendelea kuishi kwenye kanda na kwenye flashi za watu, ikinakiliwa na kuchakaa.

Kuipima picha yenyewe kunataka filamu yenye kitu cha kupoteza. Mimi huitumia Black Girl ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, kwa sababu haisamehi. Msichana wa Dakar, Diouana, anachukuliwa na Wafaransa kwenda Antibes akidhani atalea watoto, kumbe ni kufua, kupika na kusugua choo. Sembène kamfungia ndani ya nyumba ya kuta nyeupe. Kila kitu humo ni cheupe, isipokuwa yeye na kile kinyago cha mbao alichowapa zawadi walipokuwa Dakar, ambacho sasa kimetundikwa ukutani. Filamu yote imesimama juu ya weusi na weupe huo. Katika nakala mbaya, zile zilizotolewa kwenye kanda ya video na kubandikwa kwenye DVD, uso wa Mbissine Thérèse Diop unageuka shimo jeusi lenye macho mawili. Fundi akijaribu kuuokoa kwa kuongeza mwanga, kuta zinaungua na kinyago kinaelea hewani. Hakuna katikati, kwa sababu katikati ilikwisha kupotea kwenye kanda.

Nakala iliyokarabatiwa na watu wa World Cinema Project, mpango aliouanzisha Martin Scorsese mwaka 2007, ina hiyo katikati. Simamisha picha Diouana anapokuwa jikoni. Unaona taya limekazwa, unaona mashavu yana uzito, unaona kwamba huyu msichana anakasirika taratibu muda mrefu kabla hajasema neno. Katika nakala mbovu anaonekana kama mtu asiyeelewa kinachompata. Hiyo ni tofauti ya maana ya filamu, na imetokana na fundi wa maabara. Ndiyo sababu huwa nacheka nikisikia kwamba kuzungumzia ubora wa picha ni mambo ya wapenda mitambo.

Usafi nao una mipaka. Filamu ya zamani ina chembe, zile punje zinazocheza juu ya picha, na chembe ndizo picha. Ukizifuta unafuta na ngozi. Mwaka 2010 Predator ya Arnold Schwarzenegger ilitolewa tena kwenye Blu-ray ikiwa imesafishwa hadi wanajeshi wakawa wana nyuso za nta, jasho la msituni limepotea, na toleo hilo likageuka mfano wa kufundishia watu jinsi ya kutofanya. Ugonjwa haujapona. Mwaka 2024 filamu za James Cameron, Aliens na True Lies zikiwamo, zilipotoka kwenye diski za 4K, mashabiki walilalamika kwamba kompyuta imekisia nywele na mikunjo ya ngozi ambayo kamera haikuiona. Picha inang'aa, lakini ukiitazama kwa karibu mtu ana meno kama ya sanamu ya dukani. Mhakiki asiyesogea karibu na skrini ataisifu.

Sauti nayo ina ulaghai wake, na huu wengi wetu tumeuzoea bila kujua. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika kwetu na sehemu kubwa ya Ulaya, ulitaka 25. DVD nyingi za huku ziliimaliza shida hiyo kwa kuiendesha filamu mbio kidogo, asilimia 4. Filamu ya dakika 100 inaisha ndani ya 96, na sauti zote zinapanda karibu nusu toni. Jaribu na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya 1973, ambamo wimbo wa Josephine Baker kuhusu Paris unarudi na kurudi kama ndoto ya vijana wawili wanaotaka kuikimbia Dakar. Kwenye mwendo wa PAL Baker anakuwa binti mdogo. Kwenye Blu-ray, inayokubali picha 24, anarudi kuwa mwanamke anayejua anachokuuzia.

Tafsiri ya maandishi ndiyo inayonikera kuliko vyote, pengine kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki tunaelewa kinachopotea. Katika Xala, Sembène tena, ya 1975, mfanyabiashara El Hadji anazungumza Kifaransa na binti yake Rama anamjibu kwa Kiwolofu. Baba anapandwa na hasira. Ugomvi wenyewe ni wa lugha. Mtafsiri akiyaandika maneno ya wote wawili kwa Kiingereza kimoja, mwandiko mmoja, bila alama yoyote, mtazamaji wa Nairobi au Mwanza anaona baba mkali tu. Fikiria tamthilia yetu ambamo mzee wa Oysterbay anang'ang'ania Kiingereza na mwanawe anamrudishia Kiswahili cha Manzese, halafu chini yake pasomeke kana kwamba wote wametoka darasa moja. Mwaka 2024 Xala ilitoka pamoja na Emitaï na Ceddo katika kasha moja la Criterion, na ni kasha la kununua bila kujiuliza. Ceddo ilizuiwa Senegal kwa miaka, na kuipata ikiwa safi ni jambo la kushukuru. Ila tafsiri ni ya Kiingereza peke yake, kama ilivyo desturi ya kampuni hiyo.

Halafu kuna kufuli. Blu-ray zimegawanywa kwa kanda: Marekani ni A, Afrika na Ulaya ni B. Diski za Blu-ray za Criterion za soko la Marekani hufungwa kanda A, kwa hiyo filamu ya Msenegali, iliyopigwa Dakar, haichezi kwenye mashine ya kawaida iliyonunuliwa Dakar. Wala Mombasa. Sheria hiyo ilibuniwa kulinda tarehe za kutoa filamu za Hollywood katika nchi mbalimbali, na ikaifunga Afrika nje ya picha zake yenyewe bila mtu kukusudia, jambo ambalo kwangu halipunguzi kosa. Anayetaka Black Girl atafute toleo la BFI la Uingereza la mwaka 2015, ni kanda B. Mandabi, ya Sembène pia, nayo imetolewa Uingereza. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, lakini mashine zake bado ni za wenye nazo. Mhakiki anayemsifia msomaji wa Dodoma diski ambayo mashine yake itaikataa, amemwibia.

Nyongeza huwa ni bahati nasibu. Matrela, mahojiano ya kupongezana, na "jinsi tulivyotengeneza" ya dakika nane isiyosema jinsi walivyotengeneza. Lakini zikiwa nzuri, zinabeba diski. Ile ya Black Girl ina sehemu ya rangi ambayo haimo ndani ya filamu tunayoijua ya nyeusi na nyeupe. Ina Borom sarret ya 1963, dakika 20 hivi za mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Na toleo la Criterion lina kitu ambacho msomaji wa gazeti hili angekitafuta hata kama hajawahi kumsikia Sembène: filamu ya hali halisi ya 1994 kuhusu mzee huyo, iliyotengenezwa na Manthia Diawara akishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ, tuliyempoteza Mei 2025, aliyeacha kuandika riwaya kwa Kiingereza, amekaa na mwandishi wa riwaya aliyekwenda kwenye kamera ili awafikie wasiosoma Kifaransa. Nilitazama filamu hiyo kabla ya filamu kuu, na simshauri mtu afanye hivyo, kwa sababu baada yake Diouana anakuwa hoja kabla hajawa mtu.

Jambo moja nyongeza zingepaswa kulisema kwa sauti zaidi: Diouana tunayemsikia si Mbissine Thérèse Diop. Ile sauti ya ndani, ya Kifaransa safi, ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Ukishajua, unaisikia filamu upya. Msichana ambaye waajiri wake hawasikii sauti yake, hata sisi hatujaisikia.

Kwa tamthilia za televisheni mambo ni magumu zaidi, kwani televisheni imezoea kujila. BBC walifuta kanda za Doctor Who za miaka ya 1960 ili wazitumie tena. Kanda ilikuwa ghali, na nani angetaka kuona kipindi cha watoto mara ya pili? Nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya nje, Afrika ikiwamo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria, vikiwa vimekaa kwenye kituo cha kurushia matangazo. Kisa cha The Enemy of the World kikakamilika, kikatoka kwenye DVD mwaka uleule. The Web of Fear ikapata vyote isipokuwa sehemu ya tatu, ikalazimika kujazwa kwa picha zilizosimama na sauti. Sauti ipo kwa sababu watazamaji wa wakati ule walikuwa wakiirekodi nyumbani mbele ya televisheni zao. Baada ya Jos, vipindi 97 vya mfululizo huo vilibaki bila kuonekana. Kuihakiki DVD ya The Web of Fear ni kuhakiki hiyo sehemu ya tatu: wameijaza kwa uaminifu, au wamejipamba? Nadhani walijizuia vizuri. Picha haijifanyi kuwa kitu isichokuwa.

Tusidhani kufutwa ni habari za zamani. Mei 2023 Disney waliiondoa Willow kwenye huduma yao ya mtandaoni, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Novemba 2022. Miezi sita. Haikuwa imetoka kwenye diski. Aliyelipia kila mwezi alilipia haki ya kutazama kilichopo siku hiyo, basi. Mwaka huohuo, Septemba, Netflix ilifunga biashara iliyoizaa, ile ya kupeleka DVD kwa posta, baada ya miaka 25. Watu waliimba kwamba diski imekufa. Mimi naona imehama soko: imetoka kwa umma imekwenda kwa wakusanyaji, bei imepanda, na matoleo yamekuwa bora kuliko yalivyokuwa wakati kila nyumba ina deki.

Kwetu hatukupitia hatua hiyo ya matoleo bora. Tanzania Bara kanda za video zilitangulia televisheni. ITV na wenzake walianza 1994, wakati kanda za Kihindi zilikwisha kuzunguka mitaani miaka mingi. Filamu zetu za video zilipoanza kuuzwa kwa wingi miaka ya 2000, zilikwenda kwenye VCD, teknolojia ya 1993 yenye mistari 288 ya picha na uwezo wa dakika 74 hivi kwa diski. Mistari 288 ni nusu ya DVD. Filamu ya saa mbili haikuenea, ikakatwa Sehemu ya Kwanza na ya Pili, na wasambazaji wa Kariakoo wakagundua kwamba ukikata vizuri, mteja atanunua mara mbili. Kuna filamu zilizovutwa hadi zikatosha diski mbili. Utamwona mtu anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anapanda ngazi zote, anagonga, anasubiri, na mpiga kinanda hajachoka. Wahakiki waliandika kwamba waongozaji wetu hawajui mwendo. Wachache waliangalia diski iliyokuwa ikilipia ngazi zile.

Mwaka 2013 ikaja stika ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ibandikwe kwenye kila nakala ya filamu na muziki ili kuwakata maharamia. Tukaandika sana kuhusu stika. Tuliandika pia nani kagombana na nani, nani kanunuliwa gari na nani. Niliwahi kukaa chumba cha habari ambamo VCD zililetwa kwa mfuko, na sikumbuki hata mara moja mtu kuuliza kwa nini sauti ya Sehemu ya Pili iko chini kuliko ya Kwanza, ingawa kila aliyekuwa na rimoti alilijua hilo. Msambazaji aliyeuza diski isiyosomeka hakuandikwa. Mteja alirudi dukani akapewa nyingine, na mara nyingine nayo haikusoma.

Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, Leaders Club ya Dar es Salaam ilifurika watu. Leo ukitaka kumwona katika Uncle JJ au katika Devil Kingdom aliyocheza na Ramsey Nouah, unakwenda YouTube, na unachokutana nacho ni VCD iliyopakuliwa, ikabanwa, ikapakuliwa tena. Kwa mwigizaji aliyependwa hivyo, hilo ni jambo la aibu, na aibu yenyewe si ya waliopakia. Bila wao tusingekuwa na hata hicho. Filamu nyingi za miaka ile zilipigwa kwa kamera za tepu ndogo. Tepu hizo zina picha bora kuliko VCD yoyote iliyouzwa, kama bado zipo na hazijarekodiwa juu yake harusi. Lakini tepu huoza kwa joto la pwani, na mashine za kuzisoma hazitengenezwi tena. Anayetaka ananunua mtumba, ukiharibika anatafuta mwingine.

Mtu mwenye pesa kidogo na subira angeanza na Girlfriend ya 2003, ya marehemu George Tyson, inayotajwa kila mara watu wanapoeleza Bongo Movie ilianzia wapi. Simtaki aipandishe kuwa 4K wala aifute chembe. Aichukue kwenye chanzo cha karibu kabisa na kamera, aiunganishe iwe moja, aweke sauti sawa mwanzo hadi mwisho, na atafsiri kwa Kiingereza na Kifaransa kwa kumlipa mtu anayejua "demu" ni nini. Njia ya pili ya sauti aiache wazi kwa maoni. Tyson alifariki 2014, hatatuambia kitu. TID na Monalisa, walioibeba filamu hiyo, wanaweza kukaa saa mbili mbele ya maikrofoni wakakumbushana nani alishika taa, gari lile lilikuwa la nani, na ile nyumba walipewa kwa siku ngapi.